Masikio Hununuliwa Wapi?

Gereji, Jumatatu, 3 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Kaa chini kwanza. Umekaa? Nimeitwa! Kampuni ya mabasi, ile yenye karakana kubwa nyuma ya kituo, inatafuta fundi mkuu, na katika mafundi wote wa mji huu imechagua wawili tu wa kushindanishwa. Mmoja ni mimi. Barua yao ninayo mfukoni, imeshaanza kuchakaa kwa kukunjuliwa. Mzee anayestaafu ndiye atakayetupima, na mtihani wenyewe hauna kalamu wala karatasi: tarehe 15 Machi watawasha mabasi saba yenye hitilafu, na sisi tutasikiliza tu na kusema ubovu uko wapi. Bila kufungua chochote, bila kushika spana! Nani atanishinda kwa hilo? Wateja hawakuniita Fundi Sikio bure.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, na ukishasoma uichane barua hii. Sisikii vizuri.

Wiki tatu zilizopita dereva wa teksi aliniletea gari lake, akasema linapiga mluzi. Nikaliwasha, nikainama, nikasikiliza. Injini inanguruma vizuri, mluzi hakuna. Nikamwambia, "Mluzi uko kichwani mwako, nenda kapumzike." Akaondoka anacheka. Hakufika mbali. Mkanda wa feni ulikatika mteremkoni akiwa na abiria, injini ikachemka, akalivuta gari pembeni kwa bahati. Aliporudi hakunigombeza. Aliniangalia tu. Afadhali angenitukana, ningejua la kujibu.

Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Simu siku hizi ni mikwaruzo mitupu, tukiongea wewe unasema "nini?" na mimi nasema "nini?" mpaka salio linakwisha.

Dada, wewe uko mji mkubwa na umezoea kuulizia mambo. Nataka kununua zile mashine za masikio, na nazitaka kabla ya mtihani. Gazetini nimeona tangazo: unaagiza, zinakuja kwa posta, "utasikia mpaka sisimizi akitembea". Hapa kwetu duka la miwani nalo limebandika bango kwamba linauza. Na kwenu huko bila shaka yapo maduka ya kila namna. Ninunue wapi? Nijibu haraka, nina moto kama injini isiyo na maji.

Mke wangu hajui kitu. Nimemwambia nina mawazo mengi. Tuma majibu gereji, si nyumbani.

Mdogo wako,
Fundi


Shuleni, Alhamisi, 6 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba, na hongera! Nimeisoma barua yako nimesimama, maana ulisema nikae na mimi sipendi kuamrishwa. Nimefurahi mpaka mwalimu wa hesabu akaniuliza nimeshinda nini.

Barua sijaichana. Walimu hatuchani karatasi.

Sikiliza sasa, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukifanya utotoni. Usiagize kwa posta. Kiatu chenyewe ukiagiza bila kupimwa kinakubana, itakuwa sikio? Kabla ya duka lolote, nenda kwa daktari akuchungulie ndani. Inawezekana ni nta tu imejaa. Kama si nta, upimwe katika chumba kisichopitisha sauti, uvalishwe vipokea sauti, ubonyeze kitufe kila usikiapo mlio, hata ule mwembamba kama uzi. Hapo ndipo wanajua umepoteza sauti zipi. Watu wengi hawapotezi zote. Wanapoteza nyembamba: mluzi, ndege, herufi s na f, sauti za wanawake na watoto. Nzito zinabaki, ndiyo maana mtu anajidanganya kwamba yuko sawa.

Muuzaji muulize haya: nani atakayenirekebishia sauti zisiponikaa vizuri? Naruhusiwa kuzijaribu kwa muda gani kabla hazijawa zangu? Zikiharibika nazipeleka wapi? Akianza na bei kabla hajakuuliza kazi yako, aga uondoke.

Na ujiandae. Wiki ya kwanza utachukia sauti ya maji bombani. Kipindi cha joto zinawasha nyuma ya sikio, paka poda kidogo.

Haya yote nimeyapata kwa mwalimu mwenzangu anayezivaa.

Dada yako,
Mwalimu


Nyumbani, Jumanne, 11 Februari

Wifi yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Kaka yako hajui kwamba nakuandikia. Naandika juu ya cherehani, nguo ya mteja imelala pembeni inanilaumu.

Wifi, mume wangu hasikii. Mimi nimeshajua, ila yeye hajui kwamba nimejua, na sasa tunaishi kama wezi wawili wanaoibiana nyumba moja. Nikimwambia jambo anaitikia "sawa" na kutabasamu. Siku hizi naogopa hilo tabasamu kuliko hasira zake za zamani. Nikitaka anisikie lazima nipaze sauti, na wiki iliyopita majirani walikuja. Ndiyo, walikuja! Mwenyekiti wa mtaa na wazee wawili, wamevaa makoti, wameketi sebuleni, wanasema wamesikia tunagombana kila siku na wamekuja kutupatanisha. Mume wangu akawakaribisha kwa furaha, maana hakusikia walichofuata. Wakamuuliza, "Je, unakiri kwamba unamkosesha raha mkeo?" Akasema, "Sawa, sawa, karibuni sana."

Nilicheka mpaka nikakimbilia jikoni. Lakini jikoni nililia, sitakuficha. Kabla sijagundua ni masikio, nilidhani amenichoka. Nilikuwa nasema naye nikiwa nimeinamia cherehani, kama tulivyofanya miaka yote, naye hajibu. Miezi, wifi. Nikaacha kusema.

Nimekuandikia kwa sababu jana umefika mzigo wa posta gereji, na fundi rangi, ambaye ni mteja wangu, kaniambia ni kidude cha sikio. Kumbe anahangaika peke yake. Kama amekushirikisha, mwambie aniambie. Mimi kumwambia siwezi, nitamvunja.

Wifi yako akupendaye


Gereji, Ijumaa, 14 Februari

Dada,

Shikamoo. Usinigombeze. Nilikuwa nimeshaagiza kabla barua yako haijafika. Haraka zangu unazijua.

Kidude kilikuja katika boksi zuri, kimoja tu, rangi ya ngozi ya mtu ambaye si mimi. Nikakiingiza sikioni palepale gereji. Dada yangu! Wakati huohuo jirani yangu wa matairi akawasha kompresa ya kujazia upepo. Nilidhani dunia imepasuka. Nikaruka, nikagonga kichwa kwenye boneti iliyokuwa wazi, na ule mlio wa kugonga kichwa nao ukaongezewa sauti ukarudishwa ndani! Kila kitu kilipanda kwa pamoja: nyundo, pikipiki, mate yangu mwenyewe. Injini ndiyo sikuielewa hata chembe. Ni sawa na gari lenye honi tu, usukani hakuna. Nikakivua, kikaanza kupiga mluzi chenyewe juu ya meza. Nimekirudisha walikotoka, na hao waungwana mpaka leo hawajajibu. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Basi nikaenda duka la miwani. Muuzaji akanisimamisha katikati ya duka, akaenda nyuma yangu, akapiga makofi. "Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Akapiga tena polepole. "Na hili?" Nikamwambia nimeliona, maana mbele yangu pana kioo. Akasema nina tatizo kubwa sana na kwa bahati njema amebakiwa na jozi moja, kuna mteja mwingine anaitaka jioni hiyohiyo. Nilikumbuka maswali yako. Nikamuuliza nani atanirekebishia sauti. Akasema, "Haihitaji kurekebishwa, ni ya kisasa." Nikaaga nikaondoka. Unaona kwamba nasikia la mkubwa? Sikio la kufa ndilo halisikii dawa.

Lakini sasa mimi nina swali langu. Huyu mwalimu mwenzako ni nani? Mtu hakuambii tu hivihivi kwamba zinawasha nyuma ya sikio kipindi cha joto na dawa yake ni poda. Hayo ni maneno ya mtu aliyewashwa. Nimekaa nayo siku tatu. Ama una hisa katika duka la mashine hizi, ama kuna kitu unanificha.

Mwezi umebaki mmoja. Nina hamu, nina hofu, silali vizuri wala sili vizuri, na nikiwa hivi ujue nina furaha.

Mdogo wako,
Fundi


Shuleni, Jumanne, 18 Februari

Mdogo wangu,

Hakuna mwalimu mwenzangu. Ni mimi.

Nimeandika sentensi hiyo na nimeiangalia kwa muda wa kipindi kizima. Mwaka wa nne huu nina mashine za masikio yote mawili, chini ya kilemba. Hajui mtu hapa shuleni, na hakujua mtu wa nyumbani. Zile simu tulizokuwa tukilaumu mtandao, mdogo wangu, mtandao ulikuwa mzima. Tulikuwa viziwi wawili tunapigiana.

Ilianza darasani. Binti mmoja alisimama kusoma kwa sauti, nikamsifu, "Vizuri sana, endelea hivyohivyo." Darasa zima likaangua kicheko. Kumbe alikuwa ameniambia anajisikia kutapika. Akaendelea hivyohivyo, kama nilivyomwagiza.

Likizo ile nilipanda basi mchana kutwa kwenda jiji jingine, kwenye duka ambalo watu walilisifu kuliko yote. Ghorofa ya tatu, zulia, kiyoyozi, binti wa mapokezi ananiita mama mkubwa. Mashine zilikuwa bora, sitasema uongo. Lakini mashine bora inataka kurekebishwa, mara moja, mara mbili, mara tano, mpaka ikuzoee na wewe uizoee. Nani angesafiri kila wiki? Zilinikera, nikazitia kwenye droo, zikalala humo miezi kumi na minne. Nilikuwa na masikio ya kifahari kuliko mtu yeyote mjini, nayo yako kabatini pamoja na soksi. Baadaye ndipo nilikwenda hospitali ya hapa, wakazipanga upya, na sasa nasikia.

Unataka kujua kwa nini nilificha. Ni Baba. Unakumbuka alivyokuwa akikaa kwenye benchi lake la useremala, nasi tunasimama nyuma yake tunasema, "Baba, nyumba inaungua!" Naye hageuki. Tukacheka. Akigeuka akatuona tunacheka, anacheka na yeye. Anacheka nasi, mdogo wangu, hajui anachocheka. Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wewe, mchezo ule niliuanzisha mimi. Siku nilipovaa mashine kwa mara ya kwanza nilisikia kicheko kile tangu mwanzo hadi mwisho, nikajifunga kilemba.

Mficha maradhi kilio humuumbua. Mwambie mkeo. Nakuomba, mwambie leo, na usiniulize nimejuaje kwamba anahitaji kuambiwa.

Nimekuwekea nafasi hospitali ya hapa kwetu, tarehe 27, saa tatu asubuhi. Ni watu wazuri, ndio wanaonihudumia mimi. Kitanda kimetandikwa.

Dada yako


Gereji, Jumamosi, 1 Machi

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, tena shikamoo mara mbili. Barua yako niliisoma ndani ya gari la mteja nikiwa nimefunga vioo. Mambo ya Baba nilikuwa nayo mimi pia. Nilidhani ninayo peke yangu. Na mchezo hukuuanzisha wewe, niliuanzisha mimi. Wewe ulikuwa shuleni siku ya kwanza. Basi tuseme tuliuanzisha wote, tuubebe pamoja, utapungua uzito.

Tarehe 27 sikuja, na utanisamehe ukisha kusikia. Mambo yamekimbia, dada! Ngoja nikupange.

Jioni ile nilirudi nyumbani, nikakaa mbele ya cherehani ya mke wangu ili nione mdomo wake. Nikamwambia, "Mke wangu, mimi sisikii."

Akasema, "Najua."

"Umejua lini?"

"Tangu ulipokubali mama yangu aje akae nasi miezi mitatu."

"Nilikubali?"

"Ulisema sawa, ukatabasamu. Nikajua huyu si mzima."

Tulicheka, dada, mpaka uzi ukamponyoka. Kisha akaacha kucheka, akasema polepole, nami nikasoma mdomoni: "Nilidhani umenichoka." Sina ufundi wa kukueleza nilivyojisikia. Injini nazijua tangu utoto, kumbe kilichokuwa kikizimika kilikuwa ndani ya nyumba yangu.

Sasa shika hili. Yeye alikuwa ameshaulizia! Mteja wake muuguzi kamwambia kwamba hospitali ya mji wa jirani, nusu saa tu kwa basi, ina mama mpimaji wa masikio kila Alhamisi. Nikamwambia dada amenipangia hospitali kubwa. Mke wangu akasema, "Dada yako mwenyewe kaandika nini kuhusu droo?" Nilikuwa nimempa barua aisome. Dada, umejifunga kwa kamba yako. Hospitali yenu ni nzuri, lakini ni safari ya siku nzima kwangu, na mashine zinataka kurekebishwa mara tano. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Nilikaa na wazo hilo usiku mmoja, asubuhi nikawa nimeshaamua.

Alhamisi ya tarehe 20 tukaenda wote wawili. Chumba kiko nyuma ya mahali wanapofulia mashuka, kidogo kama choo, kuta zimepigwa sponji. Mama mpimaji ni mfupi, ana miwani kwenye kamba, haongei bei. Swali lake la kwanza: "Unafanya kazi gani?" Nikamwangalia mke wangu, mke wangu akaniangalia.

Sikio la kushoto likatolewa nta, kipande ambacho nimekataza mke wangu asisimulie watu. Halafu kile kitufe. Nilikaa mle ndani nikisubiri mlio, nikaona mama yule kupitia kioo anageuza swichi na mimi kwangu kimya. Anageuza tena. Kimya. Pale ndipo nilipoogopa kwelikweli. Akanionyesha mchoro: sauti nzito zangu ziko sawa, nyembamba zinateremka kama barabara ya mlimani. "Umekaa na kompresa na nyundo miaka thelathini," akasema. "Zimeyala masikio polepole." Nilipomweleza mtihani, akanituma nimletee milio ya injini niliyoirekodi kwenye simu, na juzi tarehe 27, wakati wewe unanisubiri, alinivalisha mashine na kunipigia ile milio, anapandisha hapa, anashusha pale, mpaka nikasema, "Hapo! Hapo ni pampu ya maji!" Akacheka kama mtoto. Ninazijaribu mwezi mzima, na kila Alhamisi narudi kwake.

Dada, indiketa inalia! Kumbe bado inalia tik, tik, tik! Nilidhani magari ya siku hizi yametengenezwa bila mlio huo, na nilishawaambia wateja kwamba viwanda vinabana matumizi. Ndala zangu zinapiga kelele. Jirani wa matairi ana kwikwi. Mke wangu akishona anaimba kwa ndani, wimbo hauna maneno, na nilikaa mlangoni sikutaka ajue nimerudi.

Kwenye mtihani nitavaa kofia ya kufunika masikio. Asinione mtu.

Mdogo wako, mwenye furaha isiyoenea karatasi hii


Shuleni, Jumatano, 5 Machi

Mdogo wangu,

Nilikusubiri kituoni mpaka basi la mwisho likashusha kuku na mtu mmoja ambaye si wewe. Nilinuna siku nne. Barua yako ilipofika nikanuna tena dakika tano kwa ajili ya heshima, kisha nikafurahi mpaka leo. Umechagua vizuri kuliko nilivyokuchagulia, na hilo hutalisikia kwangu mara mbili, hata kwa mashine.

Kuhusu kofia. Nilianza kukuandikia kwamba usiivae, ujitokeze, huna cha kuonea haya. Nikafika katikati ya mstari nikajiona katika kioo cha dirisha la ofisi, nimejifunga kilemba hadi kwenye nyusi, joto hili. Nikaiweka kalamu.

Jana asubuhi, kwenye mstari wa wanafunzi, nilipanda ngazi nikafungua kilemba. Walimu wangu walidhani nimepatwa na kizunguzungu. Nikawageuzia sikio moja, nikawageuzia la pili, nikawaambia: "Hizi ni mashine. Bila hizi siwasikii. Mnaonong'ona nyuma, nimekuwa nikiwasikia." Ulipita ukimya ambao sijawahi kuupata kwa kengele wala kwa fimbo. Kisha msichana wa darasa la tatu akanyoosha mkono, akauliza kama zinaweza kushika redio. Nikamwambia bado. Basi mimi, dada yako, mwalimu, mama mkubwa, niliyeogopa kicheko kwa miaka minne, niliulizwa habari za redio, kisha wakaenda darasani.

Mchana mzazi mmoja akanijia ofisini, akafunga mlango, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ulinunua wapi?" Ni kwa ajili ya mama yake. Nikampa ile orodha ya maswali niliyokuandikia.

Kofia ni yako. Amua mwenyewe. Ila mimi hapa kichwa changu kinapigwa upepo, na upepo ni mtamu.

Dada yako


Nyumbani, Jumapili, 16 Machi

Dada yangu!

Nimepata! Naandika neno hilo kwanza ili usihangaike kuruka mistari. Nimepata, naanza kazi mwezi ujao, mke wangu ameshanipima ovaroli na anataka kudarizi jina mgongoni, nami nakataa kwa sababu ya aibu, lakini si sana.

Sasa shikamoo, na tulia nikusimulie.

Nilikwenda na kofia. Karakana ni kubwa, paa la bati, mabasi saba yamepangwa kama wagonjwa wodini. Meneja alikuwepo, mzee anayestaafu alikuwepo, na mshindani wangu, kijana mrefu mwenye ovaroli lililopigwa pasi. Kabla hawajawasha basi la kwanza, nikahisi kofia inasugua mashine, inakwaruza, krr, krr, sisikii hata salamu. Nikakumbuka kichwa chako kinapigwa upepo. Nikaivua, nikaiweka juu ya tairi.

Kijana yule akaona. "Samahani, meneja," akasema, "huyu mzee amevaa mashine. Huu ni mtihani wa masikio."

Meneja akakuna kidevu. Nilijua safari yangu imeishia pale, tena mbele ya watu. Lakini sikurudisha kofia. Nikasema, "Ni kweli. Masikio yangu yameliwa na kazi hii. Nikizivua sifai. Nikizivaa nijaribuni."

Mzee anayestaafu alikuwa amekaa juu ya boksi la vifaa, hakunyanyuka. Akasema, "Tumekuja kujua mabasi yana ugonjwa gani. Ugonjwa wa watu si kazi yetu. Washa."

Dada, nilisikiliza! La kwanza nozeli moja imeziba. La pili beringi ya pampu ya maji, ule mlio mama mpimaji aliotafuta nami Alhamisi tatu. La tatu valvu. La nne, la tano. La sita nilikosea, nilisema giaboksi kumbe beringi ya klachi, na nilijilaumu sana. La saba nikapata. Kijana naye akapata sita, akakosa moja. Ni fundi kweli, nasema bila wivu. Meneja akasema basi, tuko sawa, watakaa waamue wenyewe.

Tukatoka nje kuelekea ofisini. Uwanjani lilikuwa limesimama basi jingine, halikuwa la mtihani. Lilikuwa la safari ya saa nane mchana, abiria wameshapanda, mizigo iko juu, injini imezimwa wakimsubiri karani wa tiketi. Nilikuwa nimepita hatua tano nikasikia sss. Nyembamba, kama mtu anayemnyamazisha mtoto. Nikasimama. Wenzangu wakaendelea.

Nikasema, "Ngojeni. Basi hili linavuja upepo."

Kijana akatega sikio, akasema hasikii kitu. Meneja akasema limekaguliwa asubuhi. Mzee akaniangalia, akaniuliza, "Wapi?" Nikamwambia nyuma, upande wa kulia. Akalala chini kwa nguo zake safi, akaingia uvunguni. Akaomba maji ya sabuni. Aliyekimbia kuleta ndoo alikuwa yule kijana. Wakapaka sabuni kwenye bomba linalopeleka upepo kwenye breki, na hapo, dada, povu likaanza kuchemka lenyewe. Bomba lilikuwa limesuguliwa na chuma mpaka limebaki ngozi. Barabara ya safari ile unaijua, mteremko wake unaujua.

Abiria wakashushwa, wananung'unika kwa kucheleweshwa, wengine wananilaumu mimi. Kijana akanipa mkono wenye sabuni, akasema, "Fundi, hilo mimi nisingelisikia hata leo jioni." Meneja hakukaa kuamua tena. Mzee akavua funguo za karakana kiunoni, akaniwekea mkononi hapohapo uwanjani, kabla hata barua haijaandikwa.

Mama mpimaji nitamwambia Alhamisi. Nimebakiza karibu wiki mbili za kujaribu, lakini mimi nimeshajaribu, nazichukua.

Jambo moja zaidi, kisha nakuacha. Wakati wanabadilisha bomba, dereva wa basi lile alikuwa amesimama peke yake upande wa mbele, mikono juu ya bampa, mgongo ukiwa kwangu. Hakuwa anasema na mtu. Alisema kwa sauti ya chini sana, kama mtu anayehesabu: "Mke wangu alikuwa amekaa kiti cha tatu."

Nilimsikia.

Mdogo wako,
Fundi